Aliyemnyonyoa Sungura

Siku ya mazishi yake watu walisimama mmoja baada ya mwingine wakamsema kwa mema. Mmoja alieleza jinsi marehemu alivyomtengenezea mama yake aliyepooza kiti cha kukaa bila kuumia mgongo. Mwingine alikumbuka mdomo wake uliokuwa umejaa misumari. Habari ya sungura haikutajwa na mtu, labda kwa sababu pale hapakuwa mahali pa kucheka. Lakini yeye mwenyewe alipokuwa hai aliisimulia mara nyingi, na kila alipoisimulia hakujionea huruma. Basi na isimuliwe hapa jinsi ilivyokuwa, Mungu amrehemu.

Mtaa mzima ulimwita Misumari. Alikuwa fundi wa makochi, na kibanda chake kilitazamana na kituo cha mafuta. Ukipita hapo mchana ungemkuta amepiga magoti mbele ya kochi la mtu lililopasuliwa tumbo, misumari midogo myeusi ameibana midomoni. Aliusukuma mmoja kwa ulimi, akaudaka kwa vidole, akaugonga, ukafuata mwingine. Hakuwahi kumeza hata mmoja. Mteja aliyekuja kuuliza kazi yake itaisha lini alijibiwa kwa nyusi.

Mke wake alizoea kusema kwamba mume wake ana midomo miwili, wa kazini uliojaa chuma na wa nyumbani usio na kitu. Alilisema hilo mbele yake, naye alicheka kwa mabega tu. Jambo jingine alilolisema mke huyo, tena karibu kila wiki, lilihusu kochi la sebuleni kwao. Misumari alilitengeneza mwenyewe walipooana, na kitambaa cha chini kilikuwa kimeachia upande mmoja siku nyingi, kinaning'inia.

"Unafunga makochi ya mji mzima," mke alimwambia, "la kwako linatoa utumbo."

"Kesho," Misumari alijibu.

Mke alipoanza kuugua, alimnunulia binti yao sungura. Alimpata kwa mama mmoja muuza mboga, ambaye aliapa mbele za Mungu kwamba huyo ni dume tupu na hatawajazia nyumba watoto. Alikuwa mweupe mwenye madoa ya kijivu, na chini ya kidevu alikuwa na mkunjo mnene, kidevu cha pili juu ya kifua. Alipokaa alikilaza kidevu hicho, akafumba macho nusu, akawatazama watu kana kwamba anasubiri wakae kikao kianze. Binti alimwita Mwenyekiti, na kuanzia hapo hakuna aliyemwita sungura tena.

Misumari alimjengea kibanda cha mbao sebuleni, akakitandika kipande cha velveti kilichobaki kwenye kazi ya mteja. Mchana mlango wake ulikuwa wazi. Mwenyekiti alizunguka nyumba alivyopenda, akienda haja kwenye sinia lake la pembeni kama mtu aliyelelewa vizuri, na redio ikipiga kelele aligonga sakafu kwa mguu wa nyuma mpaka mtu akaipunguza.

Ugonjwa ulipomshinda, mke aliacha maagizo mawili. La kwanza, mdogo wake wa kike aje akae na mtoto mpaka amalize shule. La pili alilitoa akiwa amemshika mume mkono.

"Mwenyekiti asitolewe kwa mtu. Na asipikwe. Nakujua."

Misumari aliahidi yote mawili. Wakamzika.

Shemeji alikuja na begi moja. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye nyumba ya wageni, kufua na kupiga pasi mashuka. Aliwahi kuolewa, ndoa ikavunjika bila mtoto, na watu walisema walichosema. Aliiacha kazi ile ili kumlea mtoto wa dada yake, na hakuwahi kumkumbusha mtu kwamba ameiacha. Asubuhi aliomba kwa sauti ya chini sebuleni, mkono juu ya kochi. Kisha alifua. Alifua mapazia, alifua foronya, alifua hata kamba ya kuanikia nguo. Nyumba nzima ilinukia sabuni.

Hapo ndipo jambo lilipoanza. Misumari aliona harufu ya mke wake inaondoka nyumbani chumba kwa chumba. Kwanza jikoni, kisha sebuleni, kisha kwenye nguo za binti. Ilibaki mahali pamoja tu, kwenye kitambaa cha kichwa cha rangi ya zambarau kilichotundikwa chumbani kwake nyuma ya mlango. Kilikuwa kirefu, ncha yake ikikaribia sakafu. Kabla ya kwenda kazini alisimama hapo, akakiweka usoni kidogo, akaenda.

"Shem, kile kitambaa cha dada nikifue?" shemeji aliuliza siku moja, beseni mkononi. "Kina vumbi."

"Usikiguse."

"Basi sikigusi."

Alijibu upesi mno, Misumari aliona. Mtu asiye na jambo huuliza kwa nini.

Haukupita muda, asubuhi moja aliinama kumpa Mwenyekiti ganda la karoti, akakuta kifua chake kitupu. Chini ya kile kidevu cha pili manyoya yalikuwa yametoka, ngozi ya waridi inaonekana, kama kuku aliyeanza kunyonyolewa mpishi akaitwa nje. Sakafuni hapakuwa na unyoya hata mmoja.

"Shemeji, huyu mnyama ana nini?"

"Ana nini tena?"

"Hana manyoya."

Shemeji alikuja akatazama, akafuta mikono kwenye sketi. "Labda joto. Hata mimi ningekuwa nayo ningeyavua."

Alicheka. Misumari hakucheka hata kwa mabega. Kwenye ukingo wa mlango wa kibanda aliona kishungi kidogo cha manyoya kimenasa. Akakitoa, akakikunja kwenye kipande cha gazeti, akaondoka nacho.

Jirani yake kazini alikuwa kinyozi, mtu mwembamba aliyezungumza kwa niaba ya watu wote wasiozungumza. Misumari alimwekea gazeti mezani. Kinyozi alikipeleka kishungi kwenye taa, akakigeuza, akakivuta nywele moja moja.

"Hii haikukatwa," alisema. "Ingekuwa mkasi ungeona ncha bapa. Hii imeng'olewa na mizizi yake."

"Na nani?"

"Mimi ni kinyozi, fundi, siyo askari. Nyumbani mchana anakaa nani?"

Misumari alikikunja kishungi tena kwenye gazeti.

"Haya. Mimi sijasema kitu. Ila nywele si za kuchezea. Unaniona kila jioni nachoma za dukani kwangu mwenyewe. Unajua kwa nini?"

"Zinanuka?"

"Watu, fundi." Kinyozi alitazama mlangoni, akashusha sauti ingawa dukani walikuwa wawili tu. "Watu."

Ieleweke kwamba Misumari alikuwa mtu wa sala. Mambo ya nywele hakuyaamini, na angekuambia hivyo ungemuuliza. Lakini tangu siku hiyo alipojinyoa ndevu alizikunja kwenye karatasi, akaenda nazo kazini mfukoni.

Akaanza kuangalia. Alikuwa ameleta nyumbani mfuko wa pamba ya kujazia mito, akauweka chini ya kitanda chake. Alipoutazama, ulikuwa umetobolewa na pamba imepungua. Majani makavu ya Mwenyekiti yalikwisha upesi kuliko zamani, na mwenyewe hakuwa amenenepa. Ile velveti ya kibandani ilikuwa imechanwa kipande. Kila kitu kilichopungua kilikuwa laini. Misumari, ambaye riziki yake ilikuwa vitu laini, aliliona hilo likamsumbua asijue limsumbue vipi.

Akachukua uzi mweusi wa cherehani. Mlango wa chumba chake ulikuwa umevimba kwa unyevu na haukufunga vizuri, ulibaki wazi kiasi cha kupitisha mkono. Asubuhi, shemeji akiwa uani, alifunga nyuzi mbili kwenye uwazi huo, mmoja usawa wa goti na mwingine usawa wa kifundo cha mguu. Kisha akaenda kazini akiwa ametulia kama mtu aliyetega mtego wa panya.

Aliporudi, uzi wa juu ulikuwa mzima. Wa chini umekatika.

Alisimama hapo muda mrefu akitafakari. Fundi mwenye akili zake, anayeweza kutazama kochi lililofungwa akakuambia springi ipi imelegea, alitafakari uzi uliokatika karibu na sakafu, na jibu alilolipata lilikuwa hili: anatambaa. Mtu mzima, dada wa mke wake, anaingia chumbani mwake kwa tumbo ili asiguse uzi wa juu. Kama anatambaa, basi alijua kuna uzi. Na kama alijua kuna uzi, basi huyo si mtu wa kawaida.

Aliingia ndani akageuka kutazama nyuma ya mlango. Pale palipokuwa na kitambaa cha zambarau palibaki msumari peke yake, ule alioupiga kwa mkono wake.

Alikaa kitandani. Hakuita mtu. Shemeji alipotoka kwenda dukani, Misumari alifanya jambo ambalo baadaye alilisimulia akiangalia chini. Alifungua begi lake. Alikuta nguo zilizokunjwa, sabuni kwenye karatasi, na picha ya wasichana wawili wamekumbatiana, mkubwa anacheka, mdogo amefumba macho. Kitambaa hakikuwemo. Alikunja kila kitu kilivyokuwa. Angekuwa mtu mwingine angeona aibu na jambo lingeishia hapo. Yeye aliona tu kwamba kisichokuwa hapa kimefichwa pengine.

Siku nyingine aliwahi kutoka kazini. Kabla hajafungua mlango, alimwona shemeji kupitia dirisha. Alikuwa amepiga magoti kando ya kochi, shavu sakafuni, mkono mmoja umeingia chini mpaka begani, anazungumza kwa kubembeleza.

"Toka basi nikuone. Toka. Mwenye nyumba anakaribia kurudi."

Misumari alisukuma mlango. Shemeji aliinuka, vumbi shavuni.

"Namtafuta Mwenyekiti," alisema. "Siku hizi anapotea, simwoni mchana kutwa. Akirudi anakula kidogo anapotea tena."

Misumari alimjibu kwa nyusi, na siku hiyo mdomoni hakuwa na hata msumari mmoja.

Alhamisi ilikuwa siku yao ya maombi. Waumini wa mtaa walikutana jioni kwenye darasa moja la shule, wakakaa kwenye madawati ya watoto magoti yakiwa juu, na mwenye haja alisimama akaombewa. Misumari hakuwahi kusimama tangu msiba. Siku hiyo alisimama.

"Niombeeni," alisema. "Nyumbani kwangu umeingia mkono."

Akakaa. Hakusema zaidi, wala hakuhitaji, maana nyumbani kwake walijulikana ni watatu, na mmoja wao alikuwa mtoto. Shemeji alikuwa dawati la mbele, ameinamisha kichwa, akamwombea shemeji yake kwa moyo wake wote.

Wiki hiyo na iliyofuata alianza kusalimiwa kwa ncha za vidole. Mama mmoja aliyezoea kukaa naye dawati moja aliona afadhali kukaa nyuma, ati kunapita hewa. Shemeji aliyaona. Alirudi nyumbani, akafua kilichokuwa safi.

Jumapili, baada ya ibada, walikula chakula cha mchana wote watatu. Binti alikuwa na umri wa kuelewa maneno yote na kutoruhusiwa kusema lolote. Misumari alisukuma sahani pembeni.

"Shemeji. Kitambaa cha mke wangu kiko wapi?"

"Kitambaa gani?"

"Cha zambarau."

"Si kiko kwenye msumari wako. Ulisema nisikiguse, sijakigusa."

"Hakipo."

"Kama hakipo, basi sijui."

"Na pamba yangu? Na manyoya ya yule mnyama?"

Shemeji aliweka kijiko chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Kumbe," alisema. "Ndiyo maana wananisalimia kwa vidole."

"Nimeuliza."

"Na mimi nimejibu. Unataka nijibu nini, shem? Kwamba namnyonyoa sungura najishonea koti?"

"Baba," binti alianza.

"Wewe kula."

"Mwache aseme," shemeji alisema, lakini binti hakusema tena.

Misumari alikuwa ameyapanga maneno yake tangu asubuhi, ibada yote hakusikia mahubiri. "Naona ni vizuri urudi kwenu upumzike kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo."

"Shem, mimi nimefanya kazi kwa watu. Najua mtu akikuambia pumzika kidogo anamaanisha nini." Alisimama, akakusanya sahani, akaziosha, akazifuta, akazipanga. Akaingia chumbani. Walisikia zipu ya begi. Alipotoka aliliweka mlangoni, kisha akachukua kitana na mafuta ya nywele.

"Kesho ana shule," alisema. "Namsuka kwanza. Mlango uko wazi, utanitazama, nisije nikaambiwa nimeondoka na nywele zake pia."

Akakaa kwenye kochi. Binti akakaa sakafuni katikati ya magoti yake, mgongo na kichwa vimeegemea kochi. Alilia bila sauti, na shemeji alimwinua kidevu kila kilipoinama, akagawa nywele, akasuka. Misumari alisimama mlangoni karibu na begi. Aliona kwamba akishindwa kusimama hapo mpaka mwisho, hatakuwa ameshinda kitu. Ila hakujua tena ni kitu gani alitaka kushinda. Mtoto huyu alikwisha kuzika mama mmoja, na sasa yeye baba yake alikuwa anamwondolea wa pili, huku akitazama.

"Mama Mdogo," binti alisema, "kochi linakwaruza."

"Kochi halikwaruzi. Tulia."

"Linakwaruza. Hapa nyuma ya kichwa changu."

Wakatega masikio. Misumari alisikia. Alijua sauti zote za kochi, springi inayolia, mbao inayokauka, panya anayetafuna. Hii haikuwa mojawapo. Ilikuwa kama mtu anapangapanga nyumba.

"Simameni," alisema.

Alishika upande mmoja, akaliinua kochi taratibu, akalilaza kwa mgongo. Chini yake kikaonekana kile kitambaa kilichoachia, kile cha kesho, kinaning'inia. Nyuma yake palikuwa na shimo jeusi kati ya springi. Misumari alipiga magoti kama alivyopiga magoti maisha yake yote mbele ya makochi ya watu, akakifunua.

Mwenyekiti alikuwemo. Alikuwa amekunja uso kwa hasira ya kuinuliwa bila taarifa, majani makavu ameyabana mdomoni yametokeza kushoto na kulia kama masharubu. Mbele yake kulikuwa na kiota. Chini majani, juu ya majani pamba ya mito, kando kipande cha velveti, na katikati manyoya yake mwenyewe, meupe, yamekandamizwa vizuri yakawa bakuli. Kuzunguka vyote hivyo, kama mkono uliokumbatia, kilikuwa kitambaa cha zambarau.

Shemeji aliinama akachungulia juu ya bega la Misumari.

"Huyu si dume," shemeji alisema.

"Muuza mboga aliapa."

"Muuza mboga anauza mboga." Alichuchumaa pembeni ya Misumari. "Mama yetu alikuwa nao uani. Jike akitaka kuzaa hujing'oa manyoya ya kifuani, anatandikia watoto. Ungeniambia mapema kwamba dume wenu anaweza kuwa jike, ningekuambia siku ile ile. Lakini wote mlinipokea na Mwenyekiti, Mwenyekiti, nikajua ni mwanamume."

Alipitisha vidole kwenye bakuli la manyoya, polepole. Lilikuwa na joto, na halikuwa na kitu.

"Watoto wake wako wapi?" binti aliuliza.

"Hawapo."

"Watakuja?"

"Hapana, mama. Dume hakuna, watatoka wapi? Mwili tu umeamini." Alirudisha unyoya mmoja uliokuwa umetoka mahali pake. "Inatokea."

Alilisema neno hilo kwa sauti ya mtu aliyewahi kukunja nguo za mtoto asiyekuja na kuzirudisha kabatini. Misumari alimtazama, na ilikuwa mara ya kwanza tangu aje na begi lake kumtazama bila kutafuta kitu.

Mkono wake ulikwenda kwenye kitambaa. Shemeji akauzuia.

"Kiache. Amekiweka, kiache. Akimaliza huzuni yake atakuachia."

Misumari akarudisha mkono. Mwenyekiti aliwazungushia macho wote wawili, akaona kikao hakimhusu, akageuka akaendelea na majani yake.

"Shemeji," Misumari alisema.

"Naam."

"Nimekosa."

"Umekosa wapi? Humu ndani, au kule kwenye maombi?"

Alifikiri. "Kote."

"Humu nimesikia," shemeji alisema. "Kule bado."

Alirudi kukaa, safari hii kwenye kigoda, akamaliza kusuka upande uliobaki. Begi lilibaki mlangoni. Jumatatu lilikuwa mlangoni, Jumanne walilirukaruka, Jumatano binti alijaribu kulirudisha chumbani akaambiwa aliache. Kochi nalo lilibaki limelala kwa mgongo, maana shemeji alisema mtu asiguse mpaka mwenye kiota aamue. Misumari alikula chakula cha jioni sakafuni kwake mwenyewe, fundi wa makochi wa mji mzima.

Njiani kwenda kazini alipitia kwa kinyozi akamwelezea yote. Kinyozi alisikiliza mpaka mwisho, wembe mkononi.

"Mimi nilisema imeng'olewa," alisema. "Nimekosea wapi?"

Na kweli, hapo hakuwa amekosea.

Alhamisi Misumari aliingia darasani mapema akakaa dawati la mbele, mahali pa watu waliojiandaa. Wenye haja walipoitwa alisimama. Mikono haikujua iende wapi bila nyundo.

"Niliomba mniombee," alisema. "Nilisema nyumbani kwangu umeingia mkono. Mkono ule ulikuwa wangu."

Akaeleza. Alieleza manyoya, akaeleza pamba. Alipofika kwenye nyuzi mbili za mlangoni, na uzi wa chini uliokatika, na jinsi alivyoamini kwamba shemeji yake anatambaa, mtu nyuma alikohoa kuficha kicheko, mwingine akashindwa kukificha, na kicheko kikapita darasa zima, madawati yakalia. Misumari aliwaacha wacheke. Alipanga wacheke. Kisha akaeleza begi alilolifungua, na hapo hakuna aliyecheka.

"Nilimsema mtu safi mbele zenu bila kumtaja jina," alisema. "Sasa namtaja kwa cheo chake. Ni shemeji yangu, mama wa mtoto wangu. Mkimsalimia, msalimieni kwa mkono mzima."

Yule mama aliyehamia nyuma kwa sababu ya hewa aliinuka na mkoba wake, akaja mbele, akakaa dawati la shemeji. Shemeji alisogea kumpa nafasi. Hakumtazama, lakini alisogea.

Jioni hiyo, walipofika nyumbani, shemeji alilichukua begi mlangoni akaingia nalo chumbani. Walisikia zipu.

Watu walitabiri kwamba Misumari atamwoa. Hakumwoa. Waliishi nyumba moja kama ndugu, wakagombana kwa mambo ya sabuni, wakamlea binti akamaliza shule. Na tusiseme kwamba Misumari aliacha kushuku watu. Alishuku wateja, alishuku mizani za sokoni, alimshuku mchumba wa binti mpaka siku ya harusi. Ila akianza kukunja uso, shemeji alimwambia, "Nikuletee uzi?" naye uso ulikunjuka.

Mwenyekiti alimaliza huzuni yake. Alikaa na kiota kile siku chache zaidi, kisha asubuhi moja akatoka, akala karoti nzima, akagonga sakafu redio ipunguzwe, na hakurudi tena kule chini. Kifua kilianza kuota manyoya. Jina la Mwenyekiti halikubadilishwa, wala hakuna aliyeona sababu ya kulibadilisha.

Misumari aliingiza mkono kati ya springi, akakitoa kitambaa cha zambarau. Kilikuwa kimetafunwa pembe moja na kimejaa manyoya. Akakiweka usoni. Kilinuka sungura, na majani, na vumbi la kochi. Alikishikilia hapo kwa muda, akitafuta, kisha akakishusha.

Shemeji alikuwa uani, beseni mbele yake. Misumari alitoka akasimama.

"Nikifue?" shemeji aliuliza, bila kuinua kichwa.

Alichelewa kujibu, lakini alijibu.

"Kifue."

Alikifua kwa mkono, polepole, maji matatu. Ulipofika wakati wa kukamua, kilikuwa kirefu mno kwa mtu mmoja. Misumari akakunja mikono ya shati, akashika ncha iliyotafunwa, shemeji akashika nyingine, wakarudi nyuma kila mtu upande wake mpaka kikanyooka kati yao, kisha wakaanza kukikamua.